Kalibu ya Nyumba ya Ole

Ruwi, Maskati
14 Juni 2001

Mke wangu Rahila,

Assalaam alaykum. Barua hii anakuletea mtu wa Wete anayerudi kuoza binti yake, kwa hivyo usishangae bahasha kukosa stempu. Mimi ni mzima. Tangu Januari ile ya risasi nilipotoka Chake mbio mbio nimepita Shimoni, nimekaa Mombasa kwa watu wasionijua, na mwisho Ngwali, mtoto wa ami yangu, akanitumia tiketi nikaja huku. Nalala kwake. Ana chumba kimoja na mdomo mmoja usiofungwa, lakini moyo anao.

Kazi nimepata, tena kazi yangu mwenyewe. Kuna karakana hapa inayowatengenezea wahandisi vijumba vidogo vya kuonyesha wateja kabla jengo lenyewe halijaanza. Resini, ile dawa ya kumimina ikaganda kama jiwe, wanayo mapipa kwa mapipa. Sisi kule nyuma ya nyumba yetu tulikuwa tukiipima kwa kijiko kama dawa ya kifua, na hadina tukiihesabu kwa matone ili igande sawasawa. Hapa wanamwaga tu. Nikiiona inavyopotea nawaza karakana yetu ilivyofungwa, roho inaniuma.

Sasa nisikilize, kwa sababu siku ile sikuwahi kukwambia. Kalibu zangu ziko kwenye rafu ya chumba cha uani. Kila moja niliiacha na kitu chake ndani, fanusi ndani ya kalibu ya fanusi, kasha ndani ya kalibu ya kasha, vivyo hivyo zote. Ule mpira wake ni laini kama nyama ya dafu. Ukikaa mtupu unalegea na kupinda, na ukishapinda haurudi. Basi isikae tupu hata moja.

Zaidi ile ya nyumba ya bibi yangu kule Ole. Kile kijumba cha mti nilichokichonga kwa mikono yangu kilipasuka wakati wa kukitoa kwenye mpira, unakumbuka nilivyookota vipande vyake kimoja kimoja. Na nyumba yenyewe watu wamekwisha kuibomoa wakabeba mawe. Umbo lake limebaki humo kwenye kalibu tu, na kile kijumba cha resini kilichomo ndani, na hilo ndilo nitakalolitazama nikirudi kujenga yetu. Lile dirisha la jikoni unalolisimanga kila siku tutalizungumza.

Nimekukumbuka, Rahila. Nakukumbuka hata unapoguna.

Mumeo,
Mbaruk

*

Chake
2 Julai 2001

Dada Mwanakhamis,

Huyu kondakta nimempa barua na kikapu, hakikisha vyote viwili vimefika Wambaa. Nimeharibu, dada, na wa kumwambia ni wewe tu.

Nilipofanya usafi wa Maulidi niliingia chumba cha uani. Nikaziona zile kalibu za Mbaruk zimekaa na vitu ndani, vumbi juu. Mimi na wewe tumelelewa na mama yule yule. Chungu kikilala na chakula ndani tulisemwa mpaka asubuhi. Basi nikazitoa zote, nikazikosha kwa maji ya moto, nikazianika, kisha nikazipanga moja juu ya moja na juu yake nikaweka sanduku la chuma ili zisipeperuke. Nikajisifu kwa kazi niliyoifanya. Vile vitu vya ndani nikawapa watoto wa mtaa wachezee, na kile kijumba cha resini cha Ole mama mkwe akakichukua. Nilipomuuliza akanambia, "N'mempa yule mgeni wa Dubai, mwanangu. Kazaliwa Ole yule, kukiona tu kalia mpaka kanitia huruma."

Jana ndiyo barua ya Mbaruk imefika. Anasema zisikae tupu hata moja. Nimekimbia kuliondoa lile sanduku. Kalibu ya nyumba imelala upande mmoja kama mtu aliyeegemea ukuta anasubiri gari. Nimeinyoosha kwa vijiti, nimeifunga kwa kanga, nikiifungua inarudi pale pale.

Nitamwambiaje mtu aliye mbali vile kuwa kitu pekee alichoniachia nimekiharibu kwa kukikosha?

Mdogo wako,
Rahila

*

Chake
9 Julai 2001

Mume wangu Mbaruk,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kukubali mbele za watu. Mama yako hajambo, mguu tu ndio unaomsumbua. Kaka yako Mgeni amevuna karafuu kidogo.

Kalibu zako zote salama, kila moja na kitu chake. Usizitie moyoni.

Na habari ya dirisha la jikoni hakuna la kuzungumza. Bibi yako, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na wapishi, yeye moshi ulimhusu nini? Mimi mtoto wa wavuvi wa Wambaa napika mwenyewe, na tundu lile halitoshi kupitisha kofia. Ukijenga yetu utanipa dirisha ninaloweza kutia kichwa nikakuita.

Wewe njoo tu, hata kama ni kugombana njoo tugombane.

Mkeo,
Rahila

*

Maskati
22 Desemba 2001

Mke wangu Rahila,

Assalaam alaykum, na Idi njema ingawa imekwisha pita. Unisamehe kimya kirefu, kazi zilikuwa nyingi. Tumesikia kuwa muafaka wa vyama umetiwa saini na watu waliokimbilia Shimoni wanarudi majumbani mwao. Mwenyezi Mungu auweke.

Nimefikiri sana habari ya zile kalibu. Zinakuchukulia chumba bure. Mwenye kuzitaka mpe, asiyezitaka usimlazimishe, zitakazobaki zitupe. Karakana imefungwa na iliyofungwa imefungwa. Usikae kulinda mipira.

Mimi sijambo. Wasalimie wote.

Mbaruk

*

Chake
15 Januari 2002

Dada Mwanakhamis,

Nakuletea barua ya Mbaruk uisome mwenyewe, kisha unirudishie. Tazama mwandiko. Mbaruk herufi zake zimebanana kama dagaa kwenye uteo. Hizi zimenyooka, mikia imepindwa kwa madaha, kila mstari una nafasi yake. Huu ni mwandiko wa mwanamke aliyesoma, tena aliyetulia kwenye kiti kizuri.

Na maneno yenyewe siyo yake. Mtu aliyeniambia nisiache hata moja ikae tupu, leo ananambia nitupe. Hakuuliza hata kikohozi changu cha moshi wa jikoni. Nyumba ya Ole hakuitaja kabisa, wala dirisha. Sasa nyumba tutakayojenga iko wapi?

Nilimpelekea mama yake nikitumaini atanikatalia. Akaivalia miwani, akaisoma, akanambia, "Mwanamme kukaa peke yake mwaka mzima, mwanangu, nisikudanganye mie." Basi. Hatujajaaliwa mtoto, dada, nitamzuia kwa kitu gani? Nilikuwa na kalibu moja, na hiyo nayo imepinda.

Nampenda yule mwanamme. Naandika hivi kwa sababu kwa mdomo sitaweza kukwambia.

Rahila

*

Wambaa
19 Januari 2002

Rahila mdogo wangu,

Nimeisoma. Mwandiko ni mzuri, hilo kweli. Lakini mwandiko haukai eda wala haupiki, kwa hivyo usimwoze mumeo kwa ajili ya mikia ya herufi. Muulize.

Ukiwa unasubiri jawabu, usikae hapo Chake ukihesabu nguzo za dari. Kikundi chetu cha wanawake wa mwani kimeanza kupika sabuni. Tunasaga mwani, tunachanganya na mafuta ya nazi, karafuu kidogo kwa harufu, inatoka sabuni nzuri lakini haina sura. Tunaikata kwa uzi kama muhogo. Mwenye duka la Mkoani kaitazama akauliza kama ni jibini. Hizo kalibu anazosema uzitupe, zitupe huku kwangu.

Hata ile iliyopinda nitaichukua. Sabuni haijali kusimama wima.

Dada yako,
Mwanakhamis

*

Chake
3 Februari 2002

Kwa Mbaruk,

Assalaam alaykum. Barua imefika. Kalibu nimezigawa kama ulivyoamuru, na kwa kuwa zilikuwa mali yako ni haki yako kujua zilikokwenda.

Ya fanusi anayo jirani yetu Rawya, anagandishia barafu za ukwaju. Watoto wa mtaa mzima wananyonya mafanusi. Ya kasha fundi viatu ameikatakata, imekuwa visigino vya makubadhi. Ya mlango wa nakshi iko chini ya mguu wa cherehani ya mama yako, anasema tangu aiweke mashine haitikisiki. Zilizobaki amechukua Mwanakhamis kwa sabuni zake. Unaona nimetii.

Ya nyumba ya Ole sikuitoa. Dada yangu ameiomba, nimemkatalia. Sina sababu ya kukupa, nakwambia tu.

Na huyo anayekuandikia barua mpe salamu zangu. Mwambie mwandiko wake nimeupenda, na kama ana la kunambia aliandike kwa jina lake mwenyewe. Mimi si mtu wa kupigwa chenga.

Rahila

*

Maskati
11 Aprili 2002

Rahila,

Huyo unayemfikiria hayupo. Wallahi hayupo. Siwezi kuapa zaidi ya hapo na sipendi kuulizwa mara ya pili.

Hata kalibu ya nyumba itoe. Mpe Mwanakhamis. Usikae ukiilinda kwa ajili yangu, wala usiwe na matumaini na mambo ambayo mimi mwenyewe siyaoni. Wewe bado kijana. Fikiri.

Mbaruk

*

Chake
20 Juni 2002

Dada Mwanakhamis,

Kaa kitako ndiyo usome.

Barua ya Aprili ilipokuja, mwandiko ule ule, ananambia mimi bado kijana nifikiri, nilijua ni talaka inayoona haya. Sikumjibu. Nilitandika jamvi chumba cha uani, nikalala mchana ubavuni mwa ile kalibu kama mjinga. Hilo hukuniona nalo kwa sababu sikukwambia.

Sasa, juzi Ngwali kaja kutoka Maskati kumwona mama yake. Alipita kwetu na kitenge na kopo la tende. Nikampa chai, nikamwacha anywe, kisha nikamwuliza, "Ngwali, mke wa Mbaruk huko hajambo?"

Akaweka kikombe chini. "Mke gani? Mke wa Mbaruk si weye?"

"Mie wa huku. Nauliza yule anayeandika barua."

Akachukua kalamu kwenye mfuko wa shati, akageuza risiti ya kitenge, akaandika jina lake. Dada, mikia ile ile. Madaha yale yale.

"Mie ndiye n'naemwandikia," akasema. "Mbaruk mikono haishiki kalamu. Kwani hajakwambia?"

Resini imemgeuka. Ilianza vidole kuwasha, akajifanya haoni. Kisha ngozi ikapasuka, ikavimba mpaka viwikoni, na uso nao. Hospitali wakamwambia mwili wake umeikataa dawa ile, hataigusa tena maisha, hata harufu yake aikimbie. Hiyo ilikuwa kabla ya muafaka. Sasa yuko kwenye ghala la tende, anakaa mlangoni na glavu za pamba, anatazama katoni zikipita. Ngwali anasema sabuni za dukani zinamuunguza, anaoshea maji matupu. Anasema jioni Mbaruk hutoa zile glavu, akaitazama mikono yake, akaivaa tena.

Nikamwuliza kwa nini kaniambia nifikiri. Ngwali akanambia, "Kaona atarudi kwako na mikono mitupu. Kasema, Rahila kaolewa na fundi, hakuolewa na mlinzi wa tende."

Mwaka mzima namficha kuwa kalibu imeharibika. Mwaka mzima ananificha kuwa hata ingekuwa nzima hawezi kuitumia. Nilicheka mpaka Ngwali akasogeza kiti, kisha nikalia mbele yake bila hata kujifunika.

Ngwali anaondoka mwezi ujao. Kesho kutwa nakuja Wambaa na kalibu. Weka mafuta ya nazi yaliyo safi, na mwani, na usitie kitu kingine mpaka nifike.

Rahila

*

Wambaa
28 Julai 2002

Mume wangu Mbaruk,

Assalaam alaykum. Anayekupa barua hii ndiye anayekuandikia zako, na mwandiko wake kweli nimeupenda, lakini simpendi yeye, mwambie atulie.

Fungua kwanza hicho kilichofungwa kwenye kanga. Polepole.

Umeiona. Najua umeona imelala, kwa sababu wewe ni mtu wa kutazama pembe kabla ya kusalimia. Niliikosha kalibu yako, Mbaruk. Niliikosha na zenzake zote, nikazianika tupu, nikaweka sanduku juu, kabla barua yako ya kwanza haijafika. Nilipokwambia zote salama nilikuwa nimekaa mbele yake, imepinda, na vijiti mkononi. Nilifikiri nikikwambia hutakuwa na sababu ya kurudi.

Wewe nawe ulifikiri ukiniambia habari ya mikono yako sitakuwa na sababu ya kungoja. Mtu mzima na akili zako. Mimi nilipokuja kwenu kama bibi harusi, resini hata kuijua sikuijua. Niliolewa na mwanamme aliyekuwa akiimba vibaya akikuna nazi kwenye mbuzi. Hiyo mikono ije hata imepasuka, nitaipaka mafuta mwenyewe.

Sasa sikiliza habari ya sabuni. Hii nimeipika mimi, Mwanakhamis kasimama juu yangu akiniamrisha. Ina mafuta ya nazi na mwani, basi. Karafuu sikutia. Wenzangu walinicheka, nyumba ya Ole kukosa karafuu, lakini Ngwali kanambia vitu vikali vinakuunguza, na mafuta ya karafuu nayajua mimi yanavyochoma penye kidonda. Sabuni imekaa mwezi kabla sijaithubutu, na nimeijaribu kwanza kwa mtoto mchanga wa Mwanakhamis, kalala usingizi.

Mmiminaji hapa anachukua kata tu, sabuni haifuki moshi wala haina sumu. Wanawake wote humu wana mikono ya mwani, hakuna wa kukushangaa. Kinachokosekana ni mtu wa kututengenezea kalibu nyingine, maana hizi zinachakaa na sisi hatujui kuchonga. Kuchonga mti hukukatazwa na hospitali, au na hilo umenificha?

Utaona pia dirisha la jikoni. Nimelipanua kwa kisu, sabuni ilipokuwa bado mbichi. Wewe hukuwepo wa kunizuia.

Osha mikono, Mbaruk. Usiiweke kabatini ukaitazama. Nimeitengeneza ikuoshe.

Mkeo,
Rahila

*

Ruwi, Maskati
30 Agosti 2002

Rahila wangu,

Mwandiko huu mbaya ni wangu. Ngwali ameniachia chumba, kaenda kununa nje, anasema kazi yake ya ukarani nimemnyang'anya. Kalamu nimeifunga kitambaa ili niweze kuishika, na ninapumzika kila baada ya mistari miwili, kwa hivyo barua hii imechukua kutwa.

Siku ya kwanza sikukusikiliza. Niliiweka nyumba juu ya meza nikakaa mbele yake. Nimeijua kila pembe yake, baraza, kizingiti, yale matundu ya kutoa maji darini niliyochonga kwa sindano. Nikaona imelala upande, na nikajua kabla sijasoma barua kuwa kalibu iliachwa tupu. Sikukasirika, sijui kwa nini. Nilichofikiri ni kwamba bibi yangu naye alikuwa akisimama hivyo hivyo, kaegemea nguzo ya barazani akiniita nije kula. Nilililia dirisha. Watu wazima wawili tunagombana kwa dirisha, mmoja yuko Pemba, mmoja Maskati, na nyumba haipo.

Siku ya pili nikavua glavu, nikaosha.

Haikuuma. Nilingoja iume, nikakaa na povu mkononi mpaka maji yakapoa. Haikuuma, Rahila. Tangu hapo naosha kila nikitoka ghalani, na mipasuko ya vidole imeanza kufunga. Mapambo ya darini yalikwenda mwanzo. Kisha baraza ikazama, kisha mlango ukawa kovu tu. Sasa pembe zote zimelainika na huwezi kujua tena kuwa ilikuwa imepinda. Dirisha lako ndilo lililobaki, kwa kuwa ulilikata kwa ndani sana. Naliona mpaka upande wa pili.

Umbo lile nilidhani likipotea nimepotea. Limepita mikononi mwangu lote, limekwenda na maji, na bado nalijua. Nitalichonga tena, kwa mti, na dirisha kubwa.

Msimu wa tende unakwisha mwezi ujao na tiketi iko chini ya mto wangu. Sabuni nimeibana, natumia kidogo kidogo, nataka inifikishe. Nikishuka Pemba nitakuwa na kipande kidogo tu mfukoni, usinicheke.

Mwambie Mwanakhamis amimine moja nyingine kwenye kalibu ile, na akishamimina asiitoe. Iacheni ndani. Nakuja kuitoa mwenyewe.

Mumeo,
Mbaruk